Betri Moja Kubwa Ndani ya Kurunzi: Namna ya Kuisoma, Kuinunua na Kuitunza

Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi za wanyamapori, msimu wa mahindi kukomaa ni msimu wa kukesha. Mkulima anayelinda shamba lake dhidi ya tembo hutegemea kelele za wenzake, honi na kurunzi yenye mwanga mkali, ambayo wengi huiita tochi. Kurunzi hiyo ikizimika ghafla saa nane usiku, hasara haihesabiwi kwa bei ya betri bali kwa ekari za chakula, na pengine kwa uhai wa mtu. Mlinzi wa ghala, mvuvi anayerejea ufukweni gizani, muuguzi wa zahanati isiyo na umeme wa uhakika na dereva aliyeharibikiwa na gari porini wote wanaitegemea kwa namna hiyo hiyo.

Kwa miaka mingi kurunzi ya nyumbani ilikuwa bomba refu la bati lililobeba betri mbili au tatu nene za volti 1.5. Leo kurunzi nyingi zenye nguvu hutumia betri moja tu ya lithiamu inayochajiwa, na betri hiyo imekuwa ikiongezeka ukubwa. Mabadiliko hayo yameweka mwanga mwingi mkononi mwa mwananchi wa kawaida. Hata hivyo, yamefungua pia mlango kwa bidhaa zenye lebo za namba kubwa zisizo za kweli, na kwa ajali zinazoweza kuepukika. Makala haya yanaeleza maana ya namba hizo, faida na mipaka ya betri moja kubwa, na hatua ambazo mnunuzi anaweza kuchukua kabla na baada ya kutoa fedha zake.

Maana ya namba zilizoandikwa kwenye ganda

Kitaalamu, kopo moja la kutunzia umeme huitwa seli, na betri ni seli moja au zaidi zilizounganishwa. Seli za lithiamu zinazotumika katika kurunzi hupewa jina kwa vipimo vyake. Tarakimu mbili za kwanza ni kipenyo kwa milimita, mbili zinazofuata ni urefu kwa milimita, na sifuri ya mwisho huonyesha kuwa seli ina umbo la mcheduara. Kwa hiyo seli ya 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65; ya 21700 ina milimita 21 kwa 70; ya 26650 ina milimita 26 kwa 65; na ya 32700 ina milimita 32 kwa 70.

Betri za lithiamu-ioni za kuchaji ziliingia sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani. Wanasayansi watatu waliozifanikisha, John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Seli ya 18650 ilienea kupitia kompyuta mpakato, kisha ikahamia kwenye kurunzi. Seli ya 21700 ilipata umaarufu mwaka 2017 ilipotumika katika gari la umeme la Tesla Model 3, na watengenezaji wa kurunzi wakaifuata kwa kasi.

Kwa nini seli moja badala ya tatu

Taa ya LED yenye mwanga mweupe huhitaji takriban volti 3 ili iwake. Betri ya zamani ya volti 1.5 haiwezi kufikia kiwango hicho peke yake, na ndiyo maana ililazimu kupanga mbili au tatu kwa mstari. Seli moja ya lithiamu hutoa wastani wa volti 3.6 au 3.7, na ikijaa hufikia volti 4.2. Seli hiyo moja inatosha kuwasha LED moja kwa moja, na pale taa inapohitaji volti nyingi zaidi, saketi ndogo ndani ya kurunzi huziongeza.

Sababu ya pili ni usalama. Seli tatu zikipangwa kwa mstari, umeme ule ule hupita katika zote. Ikiwa moja imechoka au haikujaa sawa na wenzake, itakwisha mapema, lakini zile mbili zitaendelea kuisukuma hadi chini ya kiwango salama. Seli iliyoharibika kwa namna hiyo inaweza kupata joto kali itakapochajiwa tena. Hatari hii ni kubwa zaidi pale mtumiaji anapochanganya seli mpya na kuukuu, au za aina mbili tofauti. Kurunzi ya seli moja haina tatizo hilo, kwa kuwa hakuna seli ya pili ya kuizidi nguvu.

Hata hivyo, seli moja hubeba mzigo wote peke yake. Kurunzi inayotumia wati 36 kwa seli tatu zilizopangwa kwa mstari huhitaji mkondo wa takriban ampea 3.3. Kurunzi yenye nguvu hiyo hiyo kwa seli moja huhitaji ampea 10. Hivyo basi, seli yenyewe, springi na viunganishi vyote lazima viwe imara. Mnunuzi wa kurunzi yenye nguvu anapaswa kutazama mambo mawili katika seli: uwezo wake wa kutunza umeme, na kiwango cha juu cha ampea ambacho mtengenezaji ameruhusu. Kuna seli zinazotunza umeme mwingi lakini haziwezi kuutoa kwa kasi.

Kipimo cha kweli ni wati-saa

Lebo nyingi huonyesha uwezo wa betri kwa alama ya mAh, yaani miliampea-saa. Kipimo hiki ni sahihi, lakini hakitoshi kulinganisha betri zenye volti tofauti. Kipimo kinachoonyesha kiasi halisi cha nishati ni wati-saa, kinachoandikwa Wh. Hesabu yake ni rahisi: zidisha mAh kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000.

Seli bora ya 18650 ina uwezo wa takriban mAh 3,500. Kwa volti 3.6, hiyo ni wati-saa 12.6. Seli bora ya 21700 yenye mAh 5,000 ina wati-saa 18. Ongezeko ni zaidi kidogo ya asilimia 40, na linalingana na ukweli kwamba ujazo wa kopo la 21700 ni mkubwa kuliko wa 18650 kwa karibu nusu. Kopo likiwa kubwa, lina nafasi zaidi ya kuweka kemikali zinazotunza nishati. Hiyo ndiyo siri yote ya betri kubwa.

Aidha, ukubwa peke yake hautoi jibu kamili, kwani kemikali iliyomo nayo ina uzito wake. Seli za 32700 zinazopatikana kwenye taa nyingi za sola mara nyingi ni za lithiamu-chuma-fosfeti, zenye volti 3.2 na uwezo wa takriban mAh 6,000. Hizo ni wati-saa 19.2, yaani zaidi kidogo tu ya seli ya 21700, ingawa seli hiyo nene ina uzito wa karibu mara mbili. Faida yake iko kwingine: hustahimili joto vizuri zaidi na hudumu kwa kuchajiwa mara nyingi zaidi. Kwa taa inayokaa nyumbani, hilo ni jambo jema. Kwa kurunzi ya kubeba mkononi usiku kucha, uzito huo unaweza kuwa kero.

Hesabu inayofichua udanganyifu

Sokoni zipo seli za 18650 zenye lebo ya mAh 9,900. Kwa volti 3.7, lebo hiyo inadai wati-saa 36.6 ndani ya kopo ambalo seli bora kabisa huishia takriban wati-saa 13. Dai hilo haliwezekani. Seli za namna hiyo zikipimwa huonekana kuwa na sehemu ndogo tu ya uwezo ulioandikwa, na baadhi yake ni seli kuukuu zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato na kuvalishwa ganda jipya.

Mnunuzi anaweza kujilinda kwa kukumbuka viwango vichache. Seli ya 18650 yenye lebo inayozidi sana mAh 3,500 inapaswa kutiliwa shaka. Kwa 21700, kiwango cha kawaida cha juu ni takriban mAh 5,000, na chache za karibuni ndizo zinazokaribia 6,000. Kwa 26650, ni kati ya mAh 5,000 na 5,500.

Mizani ni shahidi mwingine. Seli halisi ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 50, ya 21700 takriban gramu 70, na ya 26650 karibu gramu 90 au zaidi kidogo. Seli iliyo nyepesi mno haina kemikali za kutosha ndani yake, hata lebo iseme nini. Mizani ndogo ya dukani inatosha kwa kazi hiyo. Mwananchi hapaswi kupasua seli ili kutazama kilichomo, kwani kufanya hivyo kunaweza kusababisha moto.

Hesabu hiyo hiyo hufichua madai kuhusu mwanga. Kiasi cha mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na katika kurunzi ya kawaida wati moja hutoa lumeni zipatazo 100. Kurunzi inayodai lumeni 100,000 ingehitaji wati 1,000, kiasi kinachokaribia kile cha pasi ya umeme. Betri ya wati-saa 18 ingemalizika kwa takriban dakika moja, kama isingeungua kabla. Kwa upande mwingine, kurunzi inayodai lumeni 600 kwa saa 3 kutoka kwa seli ya 21700 inasema jambo linalowezekana: wati 6 kwa saa 3 ni wati-saa 18.

Mwanga mkali haudumu usiku kucha

Watengenezaji wengi wa kurunzi hutumia kiwango cha vipimo cha Marekani kiitwacho FL 1, kilichotolewa mwaka 2009. Kwa mujibu wa kiwango hicho, muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga uliobaki ufikie asilimia 10 ya mwanga wa mwanzo. Umbali wa mwanga nao huhesabiwa hadi mahali ambapo mwanga umebaki hafifu kama wa mbalamwezi. Kwa sababu hiyo, kurunzi iliyoandikwa mita 400 haimwezeshi mtu kutambua mnyama kwa uhakika katika umbali huo. Ni busara kukadiria nusu yake.

Vilevile, kurunzi zenye nguvu hupunguza mwanga zenyewe baada ya dakika chache za kuwaka kwa kiwango cha juu. Hilo si hitilafu. Taa hutoa joto, na saketi hupunguza mkondo ili kulinda taa, betri na mkono wa mtumiaji. Kwa mlinzi wa shamba au ghala, njia bora ni kutumia mwanga wa kati au wa chini kwa muda mrefu, na kuuwasha ule wa juu pale tu anapouhitaji. Anayefanya hivyo hukuta betri yake bado ina akiba saa za hatari zinapofika.

Kanuni za matumizi salama

Seli kubwa ina nishati nyingi zaidi, hivyo ikiharibika hutoa joto jingi zaidi. Kanuni zifuatazo zinamhusu kila mtumiaji.

Kwanza, kopo lote la chuma la seli ni upande hasi, isipokuwa ncha ya juu. Kinachotenganisha pande hizo mbili karibu na ncha ni plastiki nyembamba iliyovikwa kopo pamoja na kipete kidogo. Plastiki hiyo ikichanika, seli inaweza kupiga shoti. Seli yenye ganda lililochanika, iliyobonyea, yenye kutu au inayovuja haipaswi kutumika.

Pili, seli isiyo ndani ya kurunzi isibebwe mfukoni au kwenye mkoba pamoja na funguo na sarafu. Chuma kikigusa pande zote mbili, umeme wote hutoka kwa mkupuo na seli huweza kuwaka. Kikasha kidogo cha plastiki kinatosha kuzuia ajali hiyo.

Tatu, chaja ilingane na aina ya seli. Seli ya kawaida ya lithiamu huchajiwa hadi volti 4.2, ilhali ile ya lithiamu-chuma-fosfeti huishia takriban volti 3.65. Kuichaji ya pili kwa chaja ya kwanza ni kuiharibu. Seli ya mAh 5,000 ikichajiwa kwa ampea 1 itachukua saa 5 au zaidi, na mtumiaji hana sababu ya kuharakisha kwa kutumia chaja asiyoifahamu.

Nne, kuchaji kufanyike juu ya sakafu ya saruji, vigae au sehemu nyingine isiyoshika moto, mbali na godoro, pazia, mafuta na njia ya kutokea nje. Seli isiachwe ikichajiwa watu wakiwa wamelala au wametoka.

Tano, kurunzi iliyotengenezwa kwa seli moja isiwekewe mbili, na seli isilazimishwe kuingia mahali isipotosha. Seli zenye saketi ya kinga huwa ndefu kwa milimita chache kuliko namba ya jina lake, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulipima kabla ya kununua.

Seli ikipata joto lisilo la kawaida, ikitoa harufu kali au sauti ya kufoka, mtu asiishike wala kuiinamia. Aondoe watu, afungue njia ya hewa ikiwezekana na asivute moshi wake, ambao una sumu. Maji mengi husaidia kupoza seli ndogo na kuzuia moto kusambaa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa kupiga simu namba 114.

Safarini na mlimani

Abiria wa ndege hutakiwa kubeba betri za akiba za lithiamu kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye mizigo inayokwenda buti la ndege, na ncha zake ziwe zimekingwa. Betri isiyozidi wati-saa 100 haihitaji kibali cha shirika la ndege. Seli moja ya kurunzi, hata iwe kubwa kiasi gani kati ya zilizotajwa hapa, iko mbali sana na kikomo hicho. Lengo la kanuni hiyo ni kuhakikisha kwamba moto ukitokea, unaonekana na kuzimwa mapema.

Kwa waongoza watalii na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, ambao huanza safari ya kuelekea kilele cha Uhuru chenye mita 5,895 usiku wa manane, baridi ni jambo la kuzingatia. Betri iliyopoa sana hutoa umeme pungufu, ingawa hurudia hali yake ikipata joto. Inashauriwa betri ya akiba ikae kwenye mfuko wa ndani wa nguo, karibu na mwili. Seli isichajiwe ikiwa na ubaridi wa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa kuwa kufanya hivyo huiharibu ndani kabisa bila dalili ya nje.

Betri inapochoka

Seli ya kawaida ya lithiamu hupungua uwezo kidogo kidogo, na baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500 huwa imebaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Maisha yake hurefuka isipoachwa juani au ndani ya gari lililofungwa, na inapohifadhiwa kwa muda mrefu ikiwa imejaa nusu badala ya kujaa kabisa au kuisha kabisa.

Seli iliyochoka si takataka ya kawaida. Haipaswi kuchomwa moto, kufukiwa shambani, kutumbukizwa chooni wala kupewa watoto kuchezea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za mwaka 2021 zinazohusu taka hatarishi na taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zinataka taka za aina hii zishughulikiwe na wenye vibali. Mwananchi azibe ncha za seli kwa gundi ya karatasi au utepe wa mafundi umeme, aihifadhi mahali pakavu, na aulize ofisi ya mazingira ya halmashauri yake kuhusu mkusanyaji aliye karibu.

Wajibu wa muuzaji na haki ya mnunuzi

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye jukumu la kusimamia ubora wa bidhaa kwa mujibu wa Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, na Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia na haki za mlaji. Mfanyabiashara anayeuza seli yenye lebo ya uongo hawezi kujitetea kwa kusema kuwa lebo hiyo ilikuja na mzigo.

Mnunuzi naye ana nafasi yake. Anapaswa kudai risiti, kwani bila risiti malalamiko yake hayana mguu wa kusimamia. Atazame jina la mtengenezaji, aina ya kemikali, volti, mAh au Wh, na kiwango cha ampea. Apige hesabu, na ikiwezekana apime uzito. Akifika nyumbani, aichaji seli hadi ijae, awashe kurunzi kwenye mwanga wa kati na kupima kwa saa muda inaodumu. Muda huo ukiwa mfupi mno kuliko ulioandikwa, arudi dukani mapema, na asiposikilizwa apeleke malalamiko yake kwa mamlaka husika akiwa na bidhaa na risiti mkononi.

Jaribio hilo la saa chache hufanyika sebuleni bila gharama yoyote. Mkulima aliyelifanya mapema anajua kurunzi yake itamfikisha saa ngapi, na hatalazimika kuligundua hilo akiwa shambani, tembo wakiwa wamekwisha kuvuka uzio.